Mawe Manane ya Mzee Bwire

Jumatatu, mwezi wa saba. Kizota.

Upepo wa leo unapiga mabati kama mtu anayetaka kuyang'oa. Vumbi limeingia mpaka kwenye chai, na baridi imenipasua midomo. Ni mapumziko ya saa nne. Nimekaa juu ya matofali mabovu, simu mkononi, nikiandika kwa kidole gumba cha kushoto kwa sababu vidole viwili vya kulia bado vimevimba.

Vimevimba kwa ajili ya mdomo wa mtu.

Naandika leo kabla sijaanza kujipunguzia makosa.

Nina miaka tisa hapa Dodoma nafyatua matofali. Kwetu Masasi nimerudi mara mbili, zote kwenda kuzika. Likizo nilikuwa naisikia kwa wafanyakazi wa serikali. Kisha wiki mbili zilizopita mashine ikakatika shafti, na bosi akasema tukapumzike mpaka kipuri kifike. Magesa, ambaye tunapanga naye chumba kimoja kule Ipagala, akaniambia, "Twende kwetu, kaka, ukaone maji. Wewe utakufa hujaona kitu zaidi ya kokoto."

Kwao ni kisiwani, kaskazini, mbali ndani ya ziwa. Tulipanda basi mpaka Mwanza, tukavuka kwa kivuko, halafu tukakaa kwenye boti ya mbao mpaka makalio yakafa ganzi. Jina la kisiwa sitaliandika. Nyumba hazifiki ishirini. Hakuna duka, hakuna gari, hakuna polisi.

Siku ya kwanza tulikizunguka chote kwa miguu, na saa mbili hazikuisha. Upande mmoja kuna majabali meusi yenye ndege waliotanua mabawa kukausha manyoya, upande mwingine kuna mchanga wanakoanika dagaa. Nilidhani ziwa ni kitu kilichotulia. Lile linapiga. Linapiga mwamba, linarudi nyuma, linapiga tena palepale, kama lina kisasi. Nilisimama nikaliangalia muda mrefu, nikalipenda.

Siku ya pili nilichoka kupumzika. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kupumzika nako kunachosha. Magesa alikwenda ziwani na binamu zake. Mama yake alikwenda kwenye mihogo. Nikabaki peke yangu na mikono isiyo na kazi.

Asubuhi ile nilikuwa nimemwona mama akiingia ndani. Mvua ilikula udongo mbele ya mlango, kizingiti kimebaki juu, naye ana goti bovu. Alishika fremu kwa mikono miwili, akajivuta kama anapanda mti. Na kwenye kona ya jiko kulikuwa na nusu mfuko wa saruji, uliobaki walipojengea kaburi la mumewe mwezi wa nne.

Nikateremka ufukweni kutafuta mawe.

Kwenye mchanga nilikuta manane, mapana, mazuri, yamekaa mstari mmoja kutoka kwenye nyasi mpaka kwenye maji. Mtu mwingine angejiuliza kwa nini mawe yamekaa mstari. Mimi niliona ngazi. Huku kwetu kwenye kazi jiwe halina mwenyewe. Unakwenda kilimani na mkokoteni, unapasua, unabeba, hakuna anayekuuliza. Niliyabeba moja moja begani mpaka yakaisha.

Mchana kazi ilikuwa imekwisha. Ngazi tatu. Nilizipiga lipu nzito, nikalainisha kwa gunia bichi, hakuna jiwe lililoonekana. Mama aliporudi aliigusa lipu kwa kidole. Nilimwekea ubao juu ya saruji mbichi, akapanda, akashuka, akapanda tena. Kisha akacheka. "Mwanangu, ni nani aliyekuzaa wewe?"

Miaka tisa ya matofali na hakuna aliyeniuliza hivyo.

Jua lilikuwa bado kali Mzee Bwire alipokuja. Ni jirani, mtu wa karibu miaka sitini, mrefu, mkimya. Jana yake tulikuwa tumemwamkia naye akaitikia vizuri tu. Safari hii alikuja na kasia mkononi, na watu nyuma yake. Magesa alikuwa ndiyo kwanza anatoka majini.

"Mawe yako wapi?" Bwire akamuuliza.

"Mawe gani, mzee?"

"Yale manane. Baba yako hajakauka kaburini, wewe umeshaanza."

Magesa akaapa hajui. Bwire akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, na hapo ndipo nilipoelewa. Yeye na marehemu baba yake Magesa waligombania ule mchanga wa kuanikia dagaa miaka mingi, mpaka wakataka kuuana. Kisiwa kizima kikakaa kikao. Kila mmoja akabeba mawe manne kwa mikono yake, wakayapanga yawe mpaka, mbele ya watu wote. Ikakubaliwa kwamba nyumba itakayoyagusa itatengwa. Haisalimiwi, haipandishwi boti, haiuziwi wala haiuzi.

Nilielewa palepale. Nataka niandike hilo vizuri. Sikuja kuelewa baadaye.

Maneno yalikuwa machache tu. Nimeyachukua mimi, mzee, sikujua. Yalikuwa mdomoni, hayakutoka.

Magesa akasema, "Wewe mzee umechanganyikiwa," na Bwire akainua kasia. Magesa alijikinga kwa mkono. Mlio wake naujua, ni wa tofali kavu likipasuka. Akaanguka akiushika mkono, na mimi nikamrukia yule mzee.

Nilimpiga mdomoni. Nikampiga tena. Hakuanguka upesi, alikuwa na nguvu, alinishika shati akanivuta karibu, nikampiga kwa kichwa. Alipokuwa chini niliendelea. Meno yalikuwa mawili, niliyaona kwenye mchanga. Na nilisikia raha. Kila ngumi ilikuwa na mtu wake: msimamizi, mwenye nyumba, jua la Kizota, mimi mwenyewe. Nilikuwa nampiga mtu mwenye haki kwa wizi nilioufanya mimi, na mwili wangu ulikuwa unafurahi.

Watu wanne walinitoa. Walimwinua Bwire wakamkalisha kwenye ubao wa ngazi yangu, damu ikimchuruzika kidevuni. Walitaka kunifunga kamba. Yeye akawazuia kwa mkono.

"Mwacheni mgeni," alisema. "Hana kosa. Anamtetea mwenzake."

Hata hapo sikusema.

Kulipopambazuka boti ilitupakia sisi wawili tu, tena kwa ajili ya mkono wa Magesa. Mwanza wakamfunga plasta mpaka juu ya kiwiko. Daktari alisema miezi mitatu asinyanyue kitu. Mama alibaki kule.

Sasa ni wiki nzima. Mama hupiga simu jioni. Akienda kisimani watu wanasubiri aondoke ndipo wasogee. Muhogo wake umekauka, hakuna boti ya kuupeleka gulioni. Chumvi imekwisha. Hamtaji Bwire kwa ubaya. Anachosema ni kimoja, na Ijumaa alikisema nikisikia: "Magesa, kama uliyatupa majini, niambie. Mimi ni mama yako."

Magesa alikata simu akageukia ukutani. Mabega yalikuwa yanatikisika. Mama yake mzazi anaamini ni yeye.

Nililala upande wa pili wa chumba nikajifanya nimesinzia. Jumamosi pia. Jana pia.

Leo asubuhi alikuwa anahangaika kufunga vifungo vya shati kwa mkono mmoja. Nikamsogelea nikaanza kumfungia. Kwenye kifungo cha tatu nikamwambia. Yote, kuanzia saruji.

Hakunitazama. "Maliza kufunga," alisema.

Nikamaliza mpaka cha juu. Kisha akanipiga sikioni kwa mkono wenye plasta. Nikaona giza. Nadhani aliyeumia zaidi ni yeye, kwa sababu alikaa chini akiwa ameuma meno. Nilingoja anipige tena. Badala yake akapiga simu, akaweka sauti ya nje, akaitupa kitandani mbele yangu.

"Mwambie mwenyewe."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko?"

Mwanangu. Nikamwambia mawe yako chini ya ngazi yake.

Nilisikia kuku, na maji yakipiga. Kisha nikamsikia akitembea. Akaita, "Bwire!" Hakuna jibu, maana mama ametengwa, hajibiwi. Akaita mara ya pili, mara ya tatu, akasema, "Njoo unyamaze ukiwa hapa." Mlango ukalia mahali.

"Rudia," mama akaniambia. "Huyu hapa."

Nikarudia kwa mtu niliyemvunja mdomo.

"Yote manane?" Sauti yake ina mwanya sasa, upepo unapita.

"Yote, mzee."

"Na ulikuwa unajua wakati unanipiga?"

Magesa alikuwa ananitazama. "Nilikuwa najua."

Mama akasema anachukua jembe abomoe sasa hivi. Bwire akamkataza. "Usiguse. Aje mwenyewe abomoe kwa mkono wake, abebe, apange, watu wakiona. Siku hiyo utasalimiwa." Kisha akanisemesha mimi. "Meno yangu tutayazungumza ukifika."

Magesa akaichukua simu akatoka nayo nje. Nilimsikia akizungumza na mama yake kwa lugha yao, na safari hii alikuwa anaongea kama mtoto. Hakurudi ndani mpaka nikaondoka.

Nilipofika hapa nilimwomba bosi siku tano. Alicheka. Mashine imepona, oda zimejaa, na nikiondoka nafasi yangu ina mtu amesimama getini. Nimemwambia ampe. Alhamisi napanda basi.

Kubomoa sikuogopi. Ile lipu niliifanya vizuri, itanitoa jasho, na ni haki yangu. Kubeba sikuogopi. Hata kupigwa, nimeshapigwa na watu wabaya zaidi kwa sababu ndogo zaidi.

Ninachoogopa ni hii mikono. Najua jinsi inavyopenda kupiga. Mzee Bwire akiliinua lile kasia mbele ya watu wote, na ana haki ya kuliinua, je, nitaweza kuiacha ikae chini?