Kisanduku Kinachoniona

Jumatano

Leo nimekaa saa nzima bila kutikisika, mimi ambaye kilabuni wanajua nilibeba debe la mbege, pombe yetu ya ndizi, kichwani hadi kilele cha mlima.

Sababu ni kisanduku alichonifungia ukutani Anjela, mtoto wa dada yangu, anayesomea mawasiliano Dar. Wimbi lake la redio linabeba sauti ya simu, na hilohilo likinigonga linarudi kumwambia kama natembea. Tangu akifunge hapigi tena. Apige ya nini, anaona nipo.

Basi leo mchana nikaganda kwenye kiti. Simu ikalia.

"Shikamoo mjomba. Mbona husogei, umeanguka?"

"Marahaba. Chui amepita mlangoni, nimetulia asinione."

"Chui gani mjomba, hapo kijijini Kilema?"

Akacheka. Nikamuuliza kazi inaendaje, asikate. Akasema kinachomsumbua ni kugawa nguvu ya wimbi: nyingi ikienda kwenye kuangalia, ya kuongea inabaki kidogo.

Nikamwambia, kama vile nami ni fundi mwenzake, apunguze ya kuangalia.

Kisha akasema atapiga Jumapili. Sijui kama alinielewa, au ni ile tu ya kunituliza.

Sasa naenda kulala. Nimekipungia mkono kisanduku, labda anaangalia.