Mfuko namba saba

Shoga, nakuandikia leo leo.

Leo tulikuwa bondeni na bwana udongo, yule mtaalamu anayepima mashamba yanayofaa kulimwa. Anatoboa ardhi kwa chuma, mimi nabeba mifuko na kuandika namba.

Tukafika kando ya kijito. Pale pale! Pale tulipomzika mtoto wa dada, yule aliyezaliwa bila kulia.

Nilitaka kusema. Kweli nilitaka. Unaujua mdomo wangu ulivyo mzito.

Akazungusha chuma, akakivuta. Udongo mweusi, na ndani yake uzi wa njano. Uzi wa kofia niliyomfumia mimi. Uzi wa njano, shoga!

Yeye anacheka: "Ona binti, hata matambara ya watu yameoza vizuri! Huu ndio udongo. Maabara wakiukubali, wiki ijayo tunachimba na kupiga matuta hapa. Andika saba."

Nikaandika saba.

Tulipopita nyumbani kunywa maji, nikajaza mfuko mwingine udongo mkavu wa nyuma ya jikoni, ule usioota hata magugu. Nikaandika saba tena. Ameondoka na huo. Wakiupima watasema hapafai, watapaacha.

Mimi, mwoga wa kuomba chumvi kwa jirani, nimefanya hivyo!

Ule wa kweli nilikuwa nao mapajani nikikuandikia. Dada kaingia.

"Umebeba nini, mdogo wangu?"

"Udongo tu, dada."

Akaupokea, akaupakata.

Ananiuliza, "Mbona udongo huu una joto?"