Shemeji Daktari Amemtia Mama Uziwi, Nami Naambiwa Nisahau

Mpendwa mshauri, nisaidie kabla sijapasuka, kaka mkubwa wa mume wangu ni daktari na ndiye anayetibu ukoo mzima, sasa mama yangu mzazi alipougua kifua tukampeleka kwake, nikamwambia kwa kinywa changu, "Shemeji, mama figo zake mbovu," akanijibu, "Najua kazi yangu," akamwandikia sindano kali bila hata kumpima damu, na kabla hajazimaliza mama akaanza kulalamika masikio yanavuma, tukarudi, shemeji akacheka, "Huo ni uzee," akaagiza aendelee kudungwa, na leo mjukuu anamwita bibi, naye anatazama ukuta. Hospitali nyingine wametuambia ni dawa ile, mwenye figo mbovu alitakiwa apunguziwe na achunguzwe, basi mama akashtaki kwa baraza la madaktari, nami nimeitwa kutoa ushahidi kwa sababu shemeji anadai hakuambiwa chochote. Mama mkwe hanisalimii tena, mume wangu anasema, "Sema hukumbuki. Ukimponza kaka yangu, usirudi hapa." Nampenda mume wangu, mshauri, nifanyeje?

Niko Njia Panda

Jibu:

Pole, na umfikishie mama pole zangu. Ila hiyo njia panda mimi siioni. Daktari ni mtu, anaweza kukosea dozi. Lakini kuambiwa ukapuuza, mgonjwa akalalamika ukamcheka, kisha ukamgeuza shemeji yako mwongo, hilo si kosa la kibinadamu, ni jeuri iliyovaa koti jeupe. Na wewe nakugombeza: mama asiyesikia amepata ujasiri wa kushtaki, wewe mzima unauliza kama useme ukweli? Jina la ukoo limechafuliwa na aliyeandika sindano zile, si na wewe.

Baraza halimfungi mtu jela. Linaweza kumsimamisha, kumrudisha masomoni, au kumweka chini ya daktari mwenzake anayesikiliza wagonjwa. Kuna mama wa mtu mwingine yuko kwenye foleni yake sasa hivi.

Nenda. Sema ulichomwambia na alichokujibu, usitie chumvi, usimpunguzie. Kisha mpeleke mama kliniki ya masikio, huenda kifaa kikamsaidia. Mumeo mwambie mapema, kwa utulivu, asisikie kwa watu. Akirudia kwamba usirudi, muulize kama angekushauri usahau iwapo aliyetiwa uziwi angekuwa mama yake.