Wanadhani Nakwenda Misa ya Alfajiri

Mshauri, shikamoo. Barua hii nimeianza mara nne na kuichana, maana nikiandika linaonekana kosa dogo, na nikinyamaza linakuwa kubwa mpaka nashindwa kumeza chakula, kwa hiyo nakuomba uisome yote kabla hujanihukumu, na ukiichapa ubadilishe majina.

Nina miaka ishirini na nane, nimeolewa, naishi Songea mjini, nina binti wa miaka minne anaitwa Judica, na nilisoma sanaa chuo kikuu. Nachora picha za vitabu vya watoto. Tangu nijifungue nilikuwa sichori. Si kwamba nilikatazwa, ila mtoto akilala kuna nguo, nguo zikiisha kuna wageni, na siku niliyomwambia Baba Judica kwamba nahitaji muda wa kuchora alijibu kwa upole kabisa, "Ukipata nafasi, mke wangu, wewe chora tu," akaendelea kula, nami nikabaki naitazama hiyo nafasi ikipita nje ya dirisha kama mtu asiyenijua.

Mwaka jana mama mkwe alihamia kwetu kutoka Maposeni, na kwa kuwa yeye huamka mapema, nikajikuta nimesema ningependa kuwa nakwenda misa ya alfajiri. Alifurahi. "Nenda, mwanangu, mtoto niachie mimi." Siku ya kwanza na ya pili nilikwenda kweli. Siku ya tatu nilifika hadi mlangoni, ukungu umeshuka kutoka milima ya Matogoro umefunika barabara yote, watu wanatokea ndani yake na kupotea tena, na nikaona nikiingia kanisani nitaisahau ile rangi, si nyeupe, si kijivu, ni kama maziwa yaliyodondoshewa tone moja la wino, basi nikageuka, nikaenda Lizaboni kwa rafiki yangu Zulfa, fundi cherehani mwenye chumba nyuma ya duka, nikachora hadi jua likatoka. Sasa ni miezi minane.

Kila alfajiri natoka na rozari mkononi na brashi ndani ya mkoba. Zulfa, ambaye muda huo anakuwa ameshaswali, hunicheka: "Shoga, Wakatoliki siku hizi mnasalia kwa Waislamu?" Lakini katika kile chumba, Mshauri, sijui kama nipo macho au naota. Nachora kitabu kuhusu ukungu uliopotea njia ya kurudi mlimani, picha ishirini na nne, nimefikisha kumi na saba, na wakati mwingine nahisi kwamba mimi ndiye niliyepotea na ule ukungu ndio unaonichora. Nikirudi nyumbani Judica ananishika vidole, anakagua kucha moja moja, anauliza, "Mama, leo Mungu alikuwa wa bluu?" Namwambia ndiyo.

Siku moja mama mkwe aliona doa kwenye kitenge changu. "Kanisani wanapaka rangi?" Nikajibu wanapaka ukuta wa upande wa kwaya. Akasema, "Haya," akaendelea kukoroga uji.

Sasa Jumamosi iliyopita jumuiya yetu ya kanisa ilikuwa inachagua mwenyekiti, na Mzee Romanus, jirani yetu, akasimama: "Kila alfajiri binti huyu anapita getini kwangu na rozari yake. Mvua, baridi, hakosi. Tunatafuta nani tena?" Wakapiga makofi, Baba Judica akanishika bega kwa fahari, na mama mkwe, ambaye hupiga vigelegele hata jirani akinunua kuku, aliinamisha kichwa tu, nadhani furaha ilimzidi. Jumapili ya mwisho ya mwezi napelekwa mbele ya altare kubarikiwa. Nikikubali nitadanganya mbele ya Mungu, nikikataa wataniuliza sababu, nikiisema sababu nitanyang'anywa alfajiri yangu, na bila hiyo alfajiri mimi ni mke na mama anayetembea akiwa usingizini. Nifanye nini?

Msomaji wako, Songea

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, binti yangu. Majina nimebadilisha. Nimesoma yote kabla ya kukuhukumu; sasa nakuhukumu.

Pole kwanza. "Ukipata nafasi" ni jibu baya kuliko hapana, maana hapana unaweza kugombana nayo. Baba Judica, kama gazeti hili limefika mezani kwako, elewa kwamba nafasi haiokotwi, hutengwa, na hapo nyumbani hujawahi kumtengea mkeo hata robo saa.

Lakini na wewe! Nimetafuta kwenye barua yako mtu aliyekukataza kuchora, sijamwona. Umekimbia kabla hujafukuzwa. Na usije ukaniambia kuchora nako ni sala. Huenda ni kweli, ila sala hiyo haikuhitaji rozari ya kumwonyesha Mzee Romanus.

Turudi kwenye ule ukuta. Mama mkwe wako husali wapi Jumapili? Si hapo hapo? Ukuta wa kwaya anautazama kila wiki, haujaguswa na brashi, na wewe msomi hukuliwaza hilo? Anajua, binti. Hajui unakokwenda, lakini anajua huendi unakosema. Na kesho yake aliamka tena, akakoroga uji, akamshika mtoto. Mwanamke anayempigia kuku vigelegele hainamishi kichwa kwa furaha. Huenda miezi yote hii anadhani una mwanamume huko, na amenyamaza ili nyumba ya mwanawe isivunjike. Wewe ulikuwa unaota. Mzigo alibeba yeye.

Kwa hiyo wiki hii, alfajiri moja, usiende popote. Kaa naye jikoni. Mwambie yeye kwanza, kabla ya mumeo, kwa kuwa alfajiri hizo alikupa yeye. Na usimwage maneno kama ulivyonimwagia mimi. Zipange zile picha kumi na saba kwenye mkeka, mwache atazame. Akikugombeza, pokea.

Kisha mwambie mumeo, mama yake akiwepo, na utaje saa: kumi na moja na nusu hadi saa moja, Jumatatu hadi Ijumaa. Siku mbili kati ya hizo amwandae mtoto yeye. Mama hakutoka Maposeni kuja kuwa yaya. Usiseme "labda". Usiseme "ukiona inafaa".

Uenyekiti ukatae kwa Mzee Romanus mwenyewe, getini kwake, kabla ya hiyo Jumapili. Mwambie, "Mzee, nilikuwa napita, sikuwa nafika." Inatosha. Atasimulia mtaa mzima na utaona aibu wiki tatu. Hakuna mkono uliowahi kushindwa kuchora kwa sababu ya aibu.

Na asubuhi hiyo ya mkeka, Judica akiamka usimfukuze. Miezi minane amekuuliza swali moja, na yeye peke yake ndiye aliyeuliza bila kukushuku. Fungua kichupa cha bluu, mpe brashi, umjibu.