Mkungu wa Safari Ambayo Siendi

Sauti iliyobaki kichwani mwangu tangu Jumapili ni moja: mkungu wa ndizi ukitua kwenye saruji, mbele ya miguu yangu. Haikuwa kubwa. Ilikuwa nzito, ya kitu ambacho kimeshafika.

Leo ni Jumatano. Ukungu umeshuka mpaka barabarani, baridi ya Julai inaingia kwenye vidole, na Mlima Meru hatujauona tangu juzi. Nimerudi chumbani jioni hii, nimekaa kitandani na sweta mbili, nimechoka kwa namna ambayo kulala hakutasaidia. Mkungu haupo tena kwenye kona yake. Imebaki harufu ya ndizi zinazoiva na doa la utomvu sakafuni.

Wiki mbili zilizopita majina yalitoka.

Wauguzi wenzangu mnaosubiri ajira za serikali mnaijua sentensi hiyo. Unafungua simu, mtandao unakwama, unashuka kwenye majina ya watu usiowajua ukitafuta lako, na kila ukurasa unajiambia kwamba hata lisipokuwepo hutalia. Nimefanya hivyo mara nyingi mpaka kidole kikawa kinashuka chenyewe. Safari hii jina lilikuwepo. Muuguzi, hospitali ya wilaya, mkoa wa jirani. Unaondoka hapa asubuhi, mchana umefika. Ajira ya kudumu na pensheni.

Kila kitu mama alichokiombea.

Ila mimi nilikuwa nimeshaacha kusubiri. Mwezi mmoja kabla ya majina kutoka nilikuwa nimesaini mkataba kwingine.

Nieleze vizuri, maana hata mimi nahitaji kujielezea. Tangu nimalize chuo nilikuwa najitolea kwenye wodi ya wanawake katika hospitali ya serikali. Kujitolea maana yake unavaa sare ileile, unaingia zamu zilezile, unaitwa "sista" na kila mgonjwa, lakini mwisho wa mwezi unapewa nauli na shukrani. Silalamiki. Nilijifunza mengi pale. Nilikuwa najitolea pamoja na Rehema, tuliyemaliza naye chuo, na tukawa tunakwenda pamoja kwenye usaili, tunarudi pamoja, tunakosa pamoja.

Halafu akaja Koko.

Ana jina lake, lakini wodini wote tulimwita Koko, bibi, kama wajukuu zake walivyomwita. Mama wa Kiarusha anayeishi mtaa wa Elerai, ana kisukari, anachoma insulini. Alilazwa sukari ikiwa juu sana, tukaishusha, tukampa maelekezo, akaondoka. Akarudi. Tukaishusha, tukampa maelekezo, akaondoka. Aliporudi tena, wodi nzima ilimsema. Mimi pia nilimsema, kwa adabu, nikianza na shikamoo kana kwamba shikamoo inafuta kinachofuata. Tulimwambia hachomi dawa. Yeye akasema anachoma. Hakuna aliyemwamini.

Siku yangu ya mapumziko nilikwenda Elerai. Hakuna aliyenituma. Nilitaka tu kuona. Koko alifurahi, akanikalisha, akamwita mjukuu wake akachukue dawa kwa jirani. Jirani anauza barafu za watoto, zile za mifuko, na ana friza. Tulikuwa tumemwambia Koko aweke insulini kwenye ubaridi. Yeye hana jokofu, kwa hiyo akatafuta ubaridi mkubwa kuliko wote mtaani. Vichupa vyake vilikuwa vimelala katikati ya barafu za ukwaju, vimeganda kama mawe. Akiamka asubuhi anaviyeyusha kwenye kiganja, anachoma kwa wakati, kwa usafi, kama tulivyomfundisha. Anachoma maji tu. Insulini ikiganda imeharibika.

Nilikaa kwenye kigoda alichonipa nikaona aibu mpaka masikio yakawaka.

Tuliomba nafasi kwenye friji ya kawaida ya duka la pili kutoka pale, kwenye rafu ya mlango, pasipogandisha. Nikampelekea dawa mpya. Hajalazwa tena mpaka leo.

Baada ya hapo wodi ilibadilika machoni pangu. Kila niliyekuwa namruhusu kwenda nyumbani, nilikuwa najiuliza ni friza gani inamsubiri huko. Niliposikia kwamba taasisi moja ya magonjwa ya kudumu hapa mjini inatafuta wauguzi wa usimamizi wa kesi, niliomba siku hiyohiyo. Kazi yenyewe ni hii: unapewa wagonjwa wako, unawajua kwa majina na kwa nyumba, unawafuata tangu wanapotoka hospitalini, unahakikisha dawa, kliniki, chakula na watu wa nyumbani vinakwenda pamoja. Ukipiga simu ukasema wewe ni msimamizi wa kesi, wengine wanadhani umetoka mahakamani, wanakata.

Mkataba ni wa miaka miwili. Baada ya hapo, wafadhili wakipenda.

Hapo ndipo mama anaponishinda kwa hoja. Baba alifanya kazi kwenye shamba la maua huko chini tangu mimi sijazaliwa. Siku mgongo ulipokataa kuinuka, kazi iliisha siku ileile. Hakuna aliyemfukuza kwa ukali. Walimwambia tu apumzike, na kupumzika kwenyewe hakukuwa na mwisho, mpaka alipofariki. Mama alitulea watoto wote kwa kahawa, ndizi na ng'ombe mmoja, na tangu wakati huo ana imani mbili, Mungu na ajira ya serikali. Mkataba niliosaini nilikuwa sijamwambia. Nilijiambia nasubiri wakati mzuri.

Binamu yangu aliliona jina langu kabla yangu, akampigia mama. Mama akanipigia mimi. Alikuwa analia tu, na nyuma yake nilisikia ng'ombe.

Nilimwambia, "Mama, tutaongea." Akasema, "Tutaongea nini? Tutashukuru."

Nilipanga kumwambia Jumapili, baada ya ibada, tukiwa wawili nyumbani. Sikujua kwamba ameshapeleka jina langu kwa mchungaji. Tulipofika sehemu ya shukrani aliitwa mbele, nami pamoja naye. Alikuwa amefunga kitenge chake cha sikukuu. Alisema maneno machache, kwamba Mungu hakumsahau mjane, kwamba mtoto wake sasa ni mtumishi wa serikali. Kanisa zima likapiga makofi. Nilitabasamu. Najua nilitabasamu, kwa sababu mashavu yaliniuma.

Baada ya ibada, nje, kama kawaida, ukaja mnada wa vitu vilivyotolewa. Mayai, maparachichi, jogoo mmoja mkorofi, na mkungu wa mama. Ulikuwa mshare, ndizi za kupika, mkubwa kuliko mikungu yote shambani kwake. Alikuwa akiutunza kwa kazi nyingine, nafikiri kuuza sokoni Tengeru, lakini akautoa.

Mzee wa kanisa anayenadi ana maneno. Aliuinua kidogo, akaguna, akauteremsha. "Ndizi hizi zimemwona nesi akitambaa. Nani anaanza?"

Mtu akataja elfu tano.

"Elfu tano ni bei ya kuchomwa sindano, mzee. Ukienda kwa nesi huyu na elfu tano atakuchoma kwa sindano butu."

Watu wakacheka. Bei ikapanda. Mwisho akinamama wa kwaya wakachanga, wakaununua pamoja, na kiongozi wao akasema hawataupeleka nyumbani. Wanampa nesi, uwe masurufu ya safari, asije akafika ugenini akala ugali mkavu. Vijana wawili wakaubeba mpaka nilipokuwa nimesimama, wakautua.

Hiyo ndiyo sauti.

Mama aliniangalia. Sikumbuki kama nimewahi kuangaliwa hivyo na mtu yeyote. Nikasema asanteni. Nikashindwa kusema kingine, wala nyumbani sikusema, kwa sababu nyumbani kulikuwa na majirani na chai na maswali kama huko nitapata nyumba ya watumishi.

Nilirudi mjini na mkungu kwenye bodaboda, mimi na yeye tumebanana kama ndugu.

Jumatatu nilikutana na Rehema akitoka zamu. Nilimwambia yote. Akasema, "Eli, wewe unasukuma sahani wakati wenzako tunakwangua sufuria."

Nikasema najua.

"Hujui. Ungekuwa unajua usingekuja kuniambia mimi." Halafu, kwa sababu ndivyo alivyo, akanishika mkono. "Kama huendi, usiende kwa heshima. Andika barua. Mtu akikaa kimya nafasi inaning'inia, na sisi tulio kwenye orodha ya akiba tunaning'inia nayo. Siwezi kukuambia ukatae. Siwezi pia kujifanya sitaki ukatae. Kwa hiyo nyamaza, twende tukanywe chai, ulipe wewe."

Nililipa. Sijui kama watamwita. Inawezekana wakamwita mtu mwingine kabisa, wa mkoa mwingine, ambaye sitamjua kamwe.

Jana ndizi za juu zilianza kugeuka rangi. Niliamka nikaona njano kidogo kwenye chana la kwanza, nikakaa nikiitazama kama mtu anayesoma kipimo. Nilijiuliza maswali yote tena. Kule wilayani nako kuna akina Koko. Serikalini pia kuna kazi ya maana, na wauguzi niliofanya nao kazi wananizidi kwa mbali. Je, nafuata mgonjwa au nafuata sifa ya kuwa nesi aliyegundua friza? Miaka miwili ikiisha, nitarudi kwenye usaili na watoto waliomaliza chuo jana? Nina jibu moja tu, kwamba nikifikiria wodi nahisi mlango unafungwa nyuma ya mgonjwa, na nikifikiria kazi hii namuona akiingia kwake.

Na bado naogopa. Niliandike hilo wazi. Naogopa kuwa kama baba.

Leo niliomba ruhusa ya nusu siku kazini, nikapanda kwa mama na mkungu wangu. Alikuwa anakata majani ya ng'ombe. Aliona mkungu kabla ya kuniona mimi, akaweka panga chini.

Nikamwambia palepale, nimesimama, maana nikikaa nisingeweza. Nikamwambia kazi ninayoifanya, tangu lini, na kwa nini. Nikamweleza habari ya Koko na barafu za ukwaju. Hakucheka.

"Mradi," akasema.

"Ndiyo, mama. Ni mradi."

"Mradi unaisha."

"Unaisha."

"Na Jumapili ulisimama pale."

"Nilisimama."

Alichukua mkungu, akaukagua chana kwa chana. Zilizokuwa bado mbichi akaanza kuzikata. Tulikaa jikoni tukamenya, vidole vyetu vyote vikiwa vyeusi kwa utomvu. Alipika mtori, ile supu nzito ya ndizi. Alinipakulia mimi kwanza, kama mgeni, na hilo lilinichoma kuliko kama angenisema.

Kisha akasema, bila kunitazama, "Kanisani sitasema mimi. Utasimama mwenyewe. Akinamama wa kwaya walitoa pesa zao."

Nikasema nitasimama.

"Na yule bibi wa Elerai. Sasa anapona?"

"Haponi, mama. Sukari haiponi. Ila yuko nyumbani kwake."

Akaitikia kwa kichwa, si kukubali, labda kusikia tu. Baba alikuwa nyumbani kwake pia, miaka ile yote, na hakuna nesi aliyewahi kupanda kule kuuliza habari ya mgongo wake. Hakulisema hilo. Nadhani tulilifikiria wote wawili kwa wakati mmoja, au mimi ndiye ninayetaka iwe hivyo.

Nilipokuwa natoka alinifungia ndizi mbivu kwenye mfuko, nikawagawie wapangaji wenzangu. Alinisindikiza mpaka kwenye migomba ya mwisho. Pale akauliza alichokuwa anakisubiri tangu nifike.

"Barua ya kukataa umeshaiandika?"

"Nimeshaituma."

"Lini?"

"Asubuhi. Kabla sijapanda huku."

"Uliogopa nitakuzuia."

"Ndiyo."

"Ningekuzuia," mama akasema, akanifunga vizuri kifungo cha juu cha sweta, akarudi kwa ng'ombe wake.