Turbo Aliyoiacha Mjomba Protais

Uvira, Mulongwe
Tarehe 9 Juni 2003

Mpendwa Mjomba Protais,

Unaikumbuka ile sauti uliyotufanyia mezani mwaka wa 1996, kwa midomo tu? Uliweka kijiko chini, ukaanza mluzi mwembamba, ukaupandisha, ukaupandisha, mpaka sisi watoto tukaziba masikio, kisha ukaukata ghafla: pshii. Ukatuambia kwamba ndivyo turbo inavyopumua dereva akiondoa mguu kwenye mafuta. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Sauti hiyo imekaa nami karibu miaka saba, hata siku zile ambazo masikio yetu yalikuwa na mengine ya kusikiliza.

Nakusalimu kwa moyo wote, na ninatumaini barua hii itakukuta mzima. Kile kifua kilichokusumbua wakati wa mvua kimepona? Mama Itangishaka, mkeo, bado anawashonea watu nguo hapo kambini, ng'ambo ya ziwa? Sisi huku tunamshukuru Mungu. Miguu ya Mama humuuma asubuhi, lakini akishatembea mpaka ziwani na kurudi, anaisahau. Mimi ni mzima, isipokuwa kiganja cha kushoto nimekiunguza. Sababu yake utaiona hivi punde.

Barua yako ya mwezi wa pili ilifika. Nilimsomea Mama, nikafika pale ulipoandika kwamba gari lile limekufa, tuuze chuma, na tusihesabu tena siku za kurudi kwako. Mama akasema, “Anayelizika gari lake amekwisha kujizika huko aliko.” Hakurudia neno hilo, ila kwa wiki nzima hakuimba akitwanga. Mimi nilishikwa na hasira, Mjomba, unisamehe. Niliona kwamba ukiendelea kuamini kuwa gari limekufa, hutarudi. Basi nikaamua usikie kwamba li hai.

Wewe mwenyewe ulituachia kanuni siku ile ya kukimbia vita: gari zima ni la askari, gari vipande ni la familia. Kwa hiyo nilianza kukusanya vipande.

Magurudumu yalikuwa Kiringye kwa Mama Mdogo Marie-Rose, chini ya pumba za mpunga, kama ulivyoyaacha. Matatu niliyapata mara moja. La nne kuku wake amelifanya kiota, na siku niliyofika alikuwa akilalia mayai. Mama Mdogo aliniambia kwamba kama gari lako limengoja miaka saba, litangoja na vifaranga. Nikangoja siku tisa.

Karburateri ilikuwa Sange kwa binamu Venant, imefungwa ndani ya shati lake la Ekaristi ya kwanza, imepakwa mafuta, safi kabisa. Kiti cha mbele cha abiria alikataa kukitoa. Siku hizi ni kinyozi, na wateja wamekizoea. Anasema mtu akinyolewa humo anaondoka akitembea kama mwenye gari. Nikamwachia. Turbo yenyewe ilikuwa chini ya kitanda cha Mama, ndani ya koti lako la mvua. Hukuwahi kuifunga kwenye gari hata siku moja. Ilikuwa na alama ya kidole chako kwenye grisi, na nilikawia kuifuta.

Karatasi ya maelezo ya turbo ilikuwa ya Kiingereza. Niliisoma wiki mbili kwa kamusi ya shule, nikachora kila bomba kwenye daftari langu la fizikia, lile nililoliacha nusu masomo yalipofungwa. Kisha nikaenda Kalundu kumwomba Mzee Lukumani, fundi wa moteri za mitumbwi, yule uliyekuwa ukimtania kwamba alizaliwa na magamba. Kwanza akauliza kama Mama anajua. Nikamweleza kwamba turbo inachukua moshi unaotoka bure, inautumia kuzungusha gurudumu dogo, na gurudumu hilo linaisukumia moteri hewa zaidi, ipate kuchoma petroli zaidi. Akafikiri. “Kumbe ni mutumishi anayekula makombo na anafanya kazi ya watu wawili,” akasema. “Huyo nitakuja kumuona.”

Alikuja kila siku kwa mwezi mzima.

Tulipoiwasha mara ya kwanza, moshi wa buluu ulifunika ua wote wa parsele yetu, majirani wakatoka. Kosa lilikuwa langu. Bomba la kurudisha mafuta kutoka kwenye turbo nililipindisha kwenda juu ili lipite vizuri, likapendeza macho, lakini mafuta yakakwama na kuvuja kwenye moto. Hapo ndipo nilipounguza mkono. Lukumani alicheka mpaka akakaa chini. Aliniambia kwamba mafuta hayapandi mlima bila kusukumwa, hata yakiombwa na mtu wa fizikia. Tukalishusha bomba, moshi ukaisha.

Lakini kufunga ni kazi ndogo, Mjomba. Kazi ni kulipatanisha gari na pumzi yake mpya. Petroli yetu unaijua, ile ya chupa za barabarani, imechanganywa na mafuta ya taa. Turbo ikianza kusukuma, ndani ya moteri kulisikika kama kokoto zinatikiswa ndani ya kopo. Lukumani alisema ukiziacha kokoto hizo dakika mbili utaokota pistoni kwa kijiko. Tukaigeuza delko, ile inayogawa cheche, nyuma kidogo ili cheche ichelewe, na vile vitundu vya shaba vinavyopima petroli tukavipanua kwa uzi mmoja wa kebo ya breki ya baiskeli, tukiusugua na dawa ya meno. Unapanua kidogo, unakimbiza gari mpaka mwisho wa mtaa, unalizima, unafungua buji, ile plagi ya cheche, na kuisoma rangi. Ya kwanza ilikuwa nyeupe kama unga wa muhogo, maana yake petroli haitoshi. Tukazidisha, ikatoka nyeusi kama chini ya sufuria. Mara ya kumi na moja ikatoka rangi ya ganda la mkate. Hiyo ndiyo yenyewe. Nilikwenda nayo misani Jumapili ndani ya mfuko wa sketi, na wakati wa mahubiri nilikuwa nikiigusa.

Jumanne tulitoka. Lukumani alikaa juu ya gunia la mpunga mahali pa kiti cha Venant. Tulipita Kavimvira polepole, tukapita Kiliba, na kwenye ule mnyoosho kabla ya Sange, ambako hakuonekani mtu wala mbuzi, nikakanyaga.

Mwanzoni hakuna kitu. Gari linakwenda kama gari. Halafu mshale wa kipimo cha pumzi ya turbo ukaanza kuinuka, na mgongoni nikahisi kama mkono mkubwa unanisukuma, na mluzi ukaja, uleule, mwembamba, unapanda. Nikaondoa mguu. Pshii.

Mzee Lukumani alikuwa ameushika mlango kwa mikono yote miwili. Hakunitazama. Alisema neno moja tu: “Rudia.”

Nilirudia mara nne. Mjomba, tangu nilipokuwa na miaka kumi na minne, kila kitu kilichopiga mluzi hewani kilitutupa chini ya vitanda. Huu nilikuwa nao mimi, chini ya mguu wangu wa kulia. Nikitaka unapanda, nisipotaka unanyamaza. Sijui kama unaweza kuelewa jinsi nilivyocheka.

Wakati wa kurudi, kwenye bariere ya kuingia mjini, nilisahau nikaondoa mguu haraka. Askari alisikia, akaruka, kisha akaomba asikie tena. Alizunguka gari mara mbili. Akatuambia kwa adabu kwamba kesho saa nne komanda wao atapita nyumbani kuliona.

Mchana huohuo tulishauriana. Mama alitaka tulivunje vipande palepale. Lukumani alisema wakikuta mahali patupu watatuuliza kwa kitako cha bunduki. Mimi nilikaa nikitazama kapo la moteri lililokuwa wazi, na nikawaza kwamba mwezi mzima nimejifunza nini kinaliponya gari hili. Basi najua pia nini kinaliuguza. Asubuhi niliigeuza delko upana wa vidole viwili, nikabadilishana nyaya za buji mbili, nikatoa springi inayoibana turbo, ili mluzi usitoke. Ilinichukua nusu saa, na iliniuma kuliko kiganja.

Komanda alikuja na watu wawili, akakaa kwenye usukani mwenyewe. Gari lilitetemeka, likakohoa, likaenda hatua ishirini, halafu likapiga kishindo kutoka nyuma kama bomu. Wale wawili walijitupa kifudifudi juu ya unga wa muhogo ambao Mama alikuwa ameuanika, wakainuka weupe hadi nyusi. Hakuna aliyethubutu kucheka. Komanda akashuka, akaufunga mlango taratibu.

“Hii gari iko mugonjwa ya kifua,” akasema. “Muizike.”

Mama akamjibu, mikono kiunoni, “Tunangoja mwenyewe, komanda. Siye hatuzikake bila mwenyewe kuwako.”

Komanda akatabasamu, wakaondoka.

Siku mbili baadaye gari lilikuwa vipande tena. Magurudumu yamerudi Kiringye, na kuku amekubali kiota chake bila maneno. Karburateri iko kwa Venant, ndani ya shati lilelile. Kanuni yako tumeifuata, ila kwa kitu kimoja, ambacho nitakiandika mwisho.

Tusalimie Mama Itangishaka na watoto wote, hasa Jean-Berchmans ambaye nasikia sasa anakuzidi urefu. Mama Mdogo Marie-Rose anakusalimu, Venant anasema nywele zako anazingoja, na Mzee Lukumani anasema uje uone kama yeye bado ana magamba. Mama hakutaka kuniambia la kuandika. Alisema nikuambie tu kwamba ameanza kuimba. Mungu aliyekuvusha ziwa akuhifadhi, na maji yaleyale yakulainikie siku ya kurudi.

Kitu chenyewe ni hiki. Moteri ile tumeipunguzia mbano wa hewa ndani yake na kuipanulia vitundu ili ifae kwa turbo. Bila turbo sasa haiwezi kupanda hata daraja la Kavimvira. Nilifikiri sana mahali pa kuificha turbo, na sikuirudisha chini ya kitanda cha Mama. Kasimu, mfanyabiashara aliyekuletea barua hii, amekalia gunia la ndagala kavu za ziwani. Nilimwagiza asiinuke mpaka umalize kusoma. Ndagala ni zenu, kuleni. Chini yake utakuta koti lako la mvua, na kilichofungwa ndani yake kina uzito unaoujua. Nimekwisha kukituma, hakiko tena mikononi mwangu. Wewe ndiye utakayekirudisha.

Mpwa wako akupendaye, mwenye delko mkononi,

Irakoze