Hema la Baba Mdogo

Mama mpendwa,

Salamu kutoka Kisumu. Usishangae picha ya kiboko, kioski cha hospitali hakina kadi nyingine. Shangazi atakuletea jioni, maana simu yako imezimwa tangu jana ilipokatika nikisema Baba atatolewa kwenye mashine ya kupumulia. Kumbe huko mkaanza kulia! Mama, hawajakata tamaa. Wanataka apumue mwenyewe.

Leo asubuhi daktari alimpaka jeli ubavuni, akaweka ultrasaundi, ile ninayoijua ya wajawazito. Kwenye skrini palikuwa na mstari mwembamba. "Huu ni msuli wa kupumua, dada. Ukinenepa akivuta hewa, ana nguvu." Wakapunguza mashine. Mstari ukanenepa kidogo, ukatulia. Nikabana pumzi hadi nesi akanigusa bega: "Pumua na wewe." Ndipo ukanenepa tena.

Watampima tena kesho saa nne, kisha waamue. Naogopa hata kusema amepona nusu.

Mungu akushike, na ujitahidi kula kitu. Shangazi ameniambia kuhusu hema la matanga alilokodi Baba Mdogo. Mwambie alirudishe. Hapana, alikunje tu kwanza, aliweke mahali usipoliona.

Mwanao,
Atieno